Miaka Yangu ya Kutafuta Njia Zisizo na Magari

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa meza. Nilipewa baiskeli ya kijani yenye kiti kilichopasuka, chupa ya maji na kigoda cha turubai cha kukunja. Mkuu wa Njia, bosi wangu wa kwanza, alinitangulia kwa pikipiki hadi nje ya mji wa Iringa, kwenye njia ya udongo mwekundu inayokatiza mashamba ya mahindi. Alizima pikipiki, akaniambia nikae pale mpaka atakaporudi jioni. Nikamwuliza nifanye nini.

"Usikilize," alisema.

"Nisikilize nini?"

"Nikikwambia, utasikia hicho hicho tu."

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uleule, nina shahada ya jiografia na maswali mengi kuliko ajira. Jibu lile nililiona la kukwepa swali, na mpaka leo sijabadili mawazo. Lakini nilikaa. Nikasikia majembe, redio ya mtu aliyekuwa akipalilia, mashine ya kusaga upande wa pili wa bonde, pikipiki mbili zilizobeba magunia. Jioni nilimsomea mzee orodha yangu kwa fahari. Akaisikiliza yote, kisha akaniuliza kama nimelisikia trekta. Nikasema hakukuwa na trekta. Akaniambia lipo, nyuma ya ile mikaratusi. Leo limeharibika, na kesho litapona.

Naandika haya kwa ajili ya vijana wanaoingia katika kazi hii sasa, maana najua wanaingia kama nilivyoingia mimi, bila kuelezwa ni kazi gani. Nimeiacha nikiwa na miaka thelathini na mbili. Mama yangu, anayeuza maharage na mchele katika soko la Mwanjelwa, Mbeya, huwaambia wateja wake kwamba binti yake amestaafu. Husema kwa kunitania, lakini neno lenyewe nimelipokea.

Ofisi yetu iliandaa safari za baiskeli kwa wageni, wengi wao wa kutoka ng'ambo na wachache kutoka Dar es Salaam na Nairobi. Watu hawa walitaka kuendesha siku kadhaa katika nchi ya kijani bila kupishana na magari. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya mikoa yetu, na malori yake hayalali. Kwa hiyo ilibidi pawepo na mtu wa kutafuta njia nyingine: za mashambani, za misituni, za kando ya mito. Mtu huyo aliitwa mpima njia. Mama alipoelezwa kazi yangu alisema, "Mjomba wako naye ana baiskeli, Bupe. Na yeye hatukumpeleka chuo."

Mkuu wa Njia alikuwa Mhehe wa makamo, mrefu, aliyewahi kupima mipaka ya misitu kwa miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Alikuwa na maneno yake ya kazi, na sikuyakuta katika kitabu chochote. Kukaa njia kulikuwa kule kukaa kutwa kwenye kigoda. Mpaka wa honi ulikuwa mahali ambapo, ukitoka barabara kuu, husikii tena honi za malori. Alisema safari ya mgeni ianzie hapo, na hoteli ya kulala iwe upande wa kimya wa mpaka huo. Vilima alivipima kwa maongezi. Kulikuwa na mwinuko wa mazungumzo, ambao watu wawili wanaupanda huku wakipiga soga. Mwinuko wa kunyamaza, ambao kila mmoja anabaki na pumzi yake. Na mwinuko wa kushuka, ambao unashuka na kuikokota baiskeli kwa miguu. Mimi nilitaka kuandika nyuzi na asilimia. Aliniruhusu niandike, kisha akanituma nikaupande huo mwinuko nikiwa na mtu wa kuongea naye.

Somo lake kubwa alilipata kwa kukosea mwenyewe, na hakuona haya kulisimulia. Kabla sijaajiriwa, alikaa njia moja kutwa nzima upande wa milima ya mashariki, asisikie gari hata moja wala pikipiki. Akarudi ofisini akiwa na furaha. Wageni wa kwanza walipopelekwa huko walikutana na malori ya matofali, matrekta na pikipiki za viazi mpaka wakaomba warudishwe. Mzee alikwenda kuuliza. Akaambiwa siku ile aliyokaa ilikuwa siku ya mazishi. Katika vijiji vyetu mtu akifa, jembe halishikwi wala mzigo hausafirishwi mpaka azikwe, na kijiji kizima kilikuwa msibani wakati yeye amekaa njiani akifurahia utulivu.

"Kwa hiyo binti," aliniambia, "ukifika mahali ukakuta kimya kimezidi, anza kwa kutoa pole."

Nilimbishia. Nilisema basi hakuna njia iliyo kimya, kuna siku tu zilizo kimya. Nilitegemea akasirike. Akasema, "Ndiyo. Sasa umeanza kazi."

Baadaye nilihamishiwa kituo cha Mbeya. Bosi wangu huko alikuwa Msimamizi wa Kituo, mama wa Kinyakyusa ambaye ujana wake aliumalizia nyuma ya usukani wa lori, Mbeya hadi mpakani Tunduma na kurudi. Alikuwa na sauti ya gereji na moyo wa kulea. Mkuu wa Njia alinifundisha kusikiliza magari; mama huyu alinifundisha kufikiri kama dereva. Tulipoketi na ramani, mimi nilionyesha njia nyembamba za mashamba ya viazi na pareto na kusema lori haliwezi kufika huko. Yeye alikuwa akicheka. Aliniambia dereva aliyechoka hatafuti barabara nzuri, anatafuta barabara isiyo na mizani na isiyo na askari; kwa hiyo kila njia ya vumbi inayozunguka mizani, hata ikiwa na mashimo ya kuzika ng'ombe, niitilie shaka. Niliitilia shaka, nikaenda kukaa, na kila mara alikuwa sahihi. Lilikuwa jambo la kuchosha kidogo.

Kutoka Mbeya tulishuka mara nyingi hadi mabonde ya Usangu. Huko magari ni machache kweli, ardhi imenyooka, mpunga umezunguka pande zote na anga ni pana. Nilidhani nimefika peponi mwa wapima njia. Siku ya pili nikakutana na mzee wa Kisukuma, mmoja wa wafugaji waliohamia huko kutoka kaskazini na familia zao, akiwa mbele ya kundi la ng'ombe lililojaza njia kutoka ukingo hadi ukingo. Nilimweleza kwa heshima kwamba nataka kuleta wageni wa baiskeli kwa sababu njia hii haina kitu. Alitazama ng'ombe wake, akanitazama mimi.

"Hii isiyo na kitu?" aliuliza.

Nikaomba radhi. Akanielekeza vizuri kabisa: wageni wakikutana na kundi washuke, wasimame chini kwa miguu yao, maana ng'ombe wamemzoea mtu mwenye miguu na humwogopa mwenye magurudumu. Tangu hapo nikaacha kuandika "njia tupu" katika taarifa zangu. Niliandika ni ya nani.

Niseme ukweli, miaka ile ya Mbeya niliifurahia kuliko yote. Asubuhi niliwahi kupita kwa mama sokoni kunywa chai, nikatoka katika zile honi na kelele za makondakta wa Mwanjelwa, na kabla jua halijakaa vizuri nilikuwa juu milimani, kwenye ukungu na harufu ya majani ya viazi, nasikia cheni yangu tu. Hata mtu wa kuhoji kila kitu huchoka kuhoji akiwa mahali kama pale. Lakini swali lilikuwa likirudi nikishuka. Kwa nini huku hakuna magari? Mara nyingi jibu lilikuwa moja: kwa sababu barabara ni mbovu na wenyewe wamechoka kuomba itengenezwe. Wageni wetu walilipia kitu ambacho wenyeji walikuwa wakikilalamikia. Nilimwambia Msimamizi hivyo siku moja. Akasema mimi nafikiri sana, nile kwanza.

Kisha nikapelekwa Mafinga, na safari hii msimamizi wa kituo nilikuwa mimi. Bosi wangu alibaki mmoja tu, Mkurugenzi, aliyekuwa akija kutoka Iringa kila wiki. Alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, mwenye kupenda kazi yake kwa dhati. Sitaki asomwe hapa kama mtu mbaya. Msemo wake ulikuwa kwamba sisi hatuuzi baiskeli wala hoteli, tunauza utulivu.

Mafinga ni mji wa mbao. Mashine za kupasua magogo zinalia kutwa, maseremala wamejipanga barabarani na vitanda na milango, na msitu wa misonobari unaanza mwisho wa nyumba. Ndani ya msitu kuna njia za kuzuia moto, yaani mikanda iliyofyekwa kati ya kitalu na kitalu ili moto usivuke. Kwa baiskeli ni njia za ajabu: laini, zenye kivuli, zinanukia utomvu. Ila kitalu kikifikia umri wa kuvunwa, malori yanaingia na njia ile inakufa kwa msimu mzima. Kazi yangu kubwa ilikuwa kufuatilia vitalu gani vinavunwa, na kila mwaka kuwasogeza wageni mbali zaidi na misumeno.

Kwa kusogea hivyo ndipo tulipofika kwenye lile bonde. Kijiji chake sitakitaja, kwa kuwa watu wake hawakuniomba niwaandike. Njia inatoka msituni, inashuka kwa mwinuko wa mazungumzo katikati ya mashamba ya mahindi na bustani za parachichi, inavuka mto mdogo, kisha inapanda tena kuelekea mashamba ya chai. Juu ya mto palikuwa na daraja la magogo matatu yaliyopigiliwa mbao juu. Baiskeli ilipita. Pikipiki ilipita kwa sala. Gari halikupita kabisa, hata gari letu la kusindikiza lililazimika kuzunguka mbali kutukuta juu kwenye mashamba ya chai. Ndiyo maana bonde lile halikuwa na magari. Mkurugenzi alipoliona mara ya kwanza alisimama juu ya yale magogo akasema hapa ndipo mahali petu bora kuliko pote, na katika safari zote zilizofuata tulipafanya kuwa kilele.

Wageni walikula chakula cha mchana kwa Mama Beti. Nyumba yake ilikuwa baada ya kuvuka mto ukitokea msituni, na nyuma yake alikuwa na shamba la parachichi alilolipanda mwenyewe wakati mumewe akiwa seremala mjini. Alipika makande na mboga za maboga, akawacheka wageni kwa kuvaa kaptura za kubana, na wao wakampenda. Kwake nilikuwa mtoto wa nyumbani.

"Kamwene, Bupe," aliniamkia siku moja kabla sijaegesha baiskeli. "Umesikia? Tunajenga daraja."

Alinieleza. Miti yake na ya majirani ilikuwa inaingia mwaka wa kuzaa sawasawa. Mnunuzi alikuwa akisimamisha gari ng'ambo ya mto, na wao wakavusha matunda kichwani na kwenye pikipiki, na mengi yakafika yamechubuka. Parachichi lililochubuka mnunuzi halichukui. Mwaka ule alikuwa amewaambia wazi: msimu ujao gari lifike shambani, la sivyo wasimtarajie. Halmashauri ilikubali kuleta saruji na fundi, kwa sharti kwamba kijiji kwanza kikusanye mawe yote. Maji ya mto hupungua kiangazi tu, kwa hiyo mawe yangekusanywa kiangazi hicho au yasikusanywe.

Wageni wetu nao huja kiangazi.

Nilimpigia Mkurugenzi, kwa sababu ilikuwa wajibu wangu. Hakupandisha sauti. Alisema nisiwazuie watu maendeleo yao, niwaombe tu wasogeze kazi mpaka wageni wa mwisho waondoke. Nikamweleza kwamba wageni wa mwisho wakiondoka mvua inakuwa imeshafika. Akasema, "Jaribu kuongea nao, Bupe. Wewe wanakusikiliza."

Nilikwenda, nikaongea. Nilimwambia Mama Beti maneno ya bosi yalivyo, na nikaongeza ya kwangu, maana nilitaka kweli kujua. Nilimwuliza kama amefikiria vumbi, mwendo kasi, watoto njiani, na hili bonde litakavyokuwa kelele. Alikuwa akichambua mboga. Aliendelea kuchambua.

"Mwanangu, wewe unakuja hapa unasema pametulia, pametulia," alisema. "Mimi nalala hapa. Unajua usiku mtoto akiumwa, huo utulivu unavyokaa?"

Akaona nimeumia, akanisukumia ungo nimsaidie, akasema kuhusu vumbi nisiwe na wasiwasi. Vumbi la gari lililobeba matunda yake halitamkohoza.

Mwenyekiti wa kijiji naye aliniambia kwa upole kwamba wageni wanaopenda kimya waje masika, wakati huo hata wenyeji hawapiti. Baraza lilicheka, nami nikacheka. Tukakubaliana jambo moja tu: siku za mgowe zisigongane na siku za wageni. Mgowe ni kazi ya pamoja ya kijiji, watu wanaitana kwa shamba la mtu au jambo la wote, na jioni kuna kinywaji. Una sheria moja ambayo kila mtu wa huko anaijua. Anayepita njiani wakati wa mgowe anatua mzigo wake na kushika kazi, japo kidogo, ndipo aendelee. Awe padri, awe mwalimu, awe mgeni wa mkuu wa mkoa.

Mgowe mkubwa wa mawe ulipangwa Alhamisi, na wageni walikuwa wanapita Jumamosi. Alhamisi bibi mmoja wa kijiji akafariki. Wakazika Ijumaa, na mgowe ukahamia Jumamosi. Bondeni simu hazishiki vizuri. Habari zilinikuta njiani, kwa mdomo wa mtu wa pikipiki, wakati tayari tunashuka na kundi la watu kumi na kitu. Mkurugenzi alikuwemo ndani ya gari la kusindikiza nyuma yetu, pamoja na wakala, mama mmoja aliyetuletea wageni wengi kuliko mwingine yeyote na aliyekuja kuona kama atuletee wengine.

Tulipokaribia mto tukaona kijiji kizima. Watu walikuwa wamejipanga mstari kutoka kwenye korongo la mawe hadi ukingoni, wanapokezana mawe mkono kwa mkono, na kina mama wanaimba. Mtini palifungwa kamba kukatiza njia. Mama Beti alikuwa katikati ya mstari, kanga imefungwa kiunoni. Wageni walisimama. Walidhani ni ngoma waliyoandaliwa, mmoja akatoa simu apige picha.

Mkurugenzi alishuka haraka. Alimwamkia Mwenyekiti kwa adabu zote, akaeleza kwamba hawa wamechoka, wana ratiba, na kwamba ofisi iko tayari kuchangia ujenzi. Mwenyekiti alimshukuru.

"Mchango tunapokea, baba," alisema. "Lakini jiwe ni jiwe."

Mkurugenzi akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini niwaambie wageni kwamba kuna shughuli ya kijiji, tunageuza, tutazungukia msituni. Mstari ulikuwa umesimama. Mama Beti alikuwa ameshika jiwe mikononi, ananitazama. Hakuwa ananiomba kitu. Alitaka tu kuona nitasema nini.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilitenda kwa ushujaa au kwa ukaidi tu, na sijapata jibu la kuniridhisha. Niliwageukia wageni nikawaambia yote kwa lugha yao, bila kupamba. Niliwaambia ni desturi: anayepita anabeba jiwe. Niliwaambia mawe haya ni ya daraja, daraja ni la magari ya kubeba matunda, na likiisha, njia hii waliyoisifia tangu asubuhi haitakuwa tena njia isiyo na magari. Niliwaambia bosi wangu anashauri tugeuze, nao wana hiari.

Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe aliuliza, kama wasipobeba daraja halitajengwa? Nikamwambia litajengwa, ila watakuwa wamepita bure. Alilaza baiskeli yake kwenye majani, akavua glavu, akaingia mstarini kati ya Mama Beti na kijana mmoja. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakala akiwa wa tatu. Kina mama wakaanza wimbo upya, wakaingiza maneno ya Kibena kuhusu wazungu na mapaja yao, na mimi nilipoombwa kutafsiri nilisema ni wimbo wa kuwakaribisha.

Mkurugenzi alibaki kando ya gari. Mama Beti akatoka mstarini, akamfuata na jiwe lisilo kubwa.

"Baba, gari lako linazunguka mbali kila siku kwa ajili ya huu mto," alimwambia. "Hili daraja si hata wewe litakufaa?"

Mkurugenzi akakunja mikono ya shati, akalipokea. Alibeba mpaka mchana, na kwa kweli alibeba mengi kuliko mimi. Chakula siku hiyo tulikula wote pamoja chini kwenye majani, na wakala aliondoka akisema ndiyo siku aliyoipenda kuliko zote.

Wiki iliyofuata Mkurugenzi aliniita Iringa. Nilitegemea kufokewa. Badala yake aliagiza chai, akasema nilimweka pabaya mbele ya wakala lakini mwisho wake umekuwa mwema, na hilo ameliweka kando. Kisha akafungua ramani. Bonde lile tumelipoteza, alisema, kwa hiyo nimtafutie lingine.

"Tafuta mahali ambapo hawana haraka na daraja," alisema.

Alisema kwa utulivu, kama mtu anayeagiza sukari. Na ni kweli hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya miaka yote, ila sikuwahi kuisikia ikitamkwa hivyo. Nilimwuliza, watu hao nitawajuaje? Akasema nitawajua, mimi ni mtaalamu. Nilimaliza msimu, nikamkabidhi kituo kijana mwingine, nikarudi Mbeya. Hatukugombana. Alinipa ile baiskeli ya kijani.

Vijana mnaoingia sasa, sitawaambia muikatae kazi hii. Nchi ile ni nzuri, na wageni wanaokuja kuiona kwa mwendo wa baiskeli hawaidhuru kama wengine. Kaeni njia zenu, ongeeni vilimani, shukeni mkikutana na ng'ombe. Ila msije mkaamini kwamba utulivu ni kitu kilichokuwa kinawangoja ninyi. Mkiukuta, ulizeni unamgharimu nani, na mkipata jibu msilifiche kwenye taarifa. Mimi nilichelewa kuuliza kwa sauti, labda kwa kuwa nilikuwa nikiupenda mno.

Daraja liliisha kabla ya mvua. Msimu uliofuata Mama Beti alinipigia kutoka juu kilimani, ambako simu hushika. Gari la mnunuzi lilifika mpaka mlangoni, alisema, na matunda yaliyokataliwa yalikuwa ya kuokota kwa mkono mmoja. Alicheka sana. Halafu akanieleza na mengine. Malori ya magogo yamegundua kwamba daraja ni imara na njia ni ya mkato, yanashuka asubuhi na mapema, ule wakati ambao watoto wanakwenda shule. Mbuzi wa jirani amegongwa. Wamemla, lakini alikuwa wa kwanza, na watu wamekaa kikao.

"Kwa hiyo tukasema, Bupe si yupo?" alisema. "Wewe ulikuwa unajua njia zisizo na magari. Njoo ututafutie moja ya watoto."

Nilifunga safari kesho yake. Nilikaa kwa wiki nzima, nikitembea na wazazi na nyuzi za katani za kupimia, kutoka nyumba za juu hadi shuleni. Tulipata njia inayofuata mfereji wa zamani wa maji, kivulini, na hakuna mahali inapogusa barabara isipokuwa darajani. Watoto wenye baiskeli wataweza kupanda wakiongea. Ilibaki sehemu moja tu iliyokataa: mfereji unapita katikati ya shamba la Mama Beti, na mahali hapo palikuwa na miti miwili iliyobanana, mkubwa na mdogo, yote yenye maua.

Alikuja akasimama nami. Nilimwambia tunaweza kuzunguka, ila watoto watatokea barabarani kwenye kona, pale pale malori yanapokata. Aliuzunguka ule mti mdogo, akaushika tawi.

"Ng'oa huu," alisema. "Mkubwa uwaachie kivuli. Wakiniibia matunda nitajua ni akina nani."

Akaenda mwenyewe kuleta jembe. Tuliung'oa siku ileile, tukalifukia shimo, tukapishana kulikanyaga mpaka udongo ukawa mgumu wa kupitisha baiskeli.